Inchama: Baraza la Wazee Wasiotajwa Majina

Inchama ni baraza la siri la wazee wa Kikurya, watu wa wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara na ndugu zao wa upande wa pili wa mpaka, katika kaunti ya Migori nchini Kenya. Kazi yake ya asili ni kuilinda nchi ya ukoo kwa dawa na laana, na kutamka ni lini vijana watatahiriwa. Wajumbe wake hawakuwa na kiti wala vazi la cheo. Mzee wa inchama alichunga ng'ombe, alilima wimbi na mtama, alikaa na wenzake kuzunguka chungu cha pombe, na aliyekunywa naye kwa mrija kwenye chungu hichohicho angeweza kuzeeka bila kuambiwa kinagaubaga kwamba huyu ni mmoja wao.

Baraza hili halipaswi kuchanganywa na ritongo. Ritongo ni mkutano wa hadhara: watu wazima wa eneo hukusanyika chini ya mti au uwanjani, husikiliza kesi ya wizi au ya mpaka wa shamba, husema na kubishana mpaka neno lipatikane. Inchama hukutana faraghani, na uamuzi wake hufika kwa watu ukiwa umekwisha kukatwa. Ritongo humwonya mtu, humtoza faini, humtenga. Inchama humlaani.

Baraza la namna hii linaeleweka vizuri zaidi likitazamwa ndani ya jamii iliyolizaa. Wakurya hawakuwa na mtemi kama Wasukuma, wala mfalme kama Waganda. Waligawanyika katika ibiaro, yaani makundi makubwa ya ukoo yenye ardhi yake: Wakira, Wanyabasi, Wairege, Watimbaru, Wanchari, Warenchoka, Wasweta, Wakenye na wengineo, kwa jumla zaidi ya kumi. Kila ikiaro kilijitegemea kwa ardhi, kwa vita na kwa mila, na kila kimoja kilikuwa na inchama yake. Ikiaro kimoja kingeweza kuibia kingine ng'ombe usiku na kuoana nacho mwaka uliofuata.

Mpangilio mwingine ulikata katikati ya koo zote. Mkurya huzaliwa ndani ya irikora, kizazi chenye jina, kulingana na kizazi cha baba yake. Majina hayo ni manane, katika mizunguko miwili: Abasaai, Abanyamburiti, Abagamunyere na Abamaina upande mmoja, Abachuuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi upande wa pili. Mwana wa Msaai ni Mnyamburiti, na mwanawe naye ni Mgamunyere, hadi mzunguko unaporudi mwanzo. Kwa njia hiyo mtu wa Nyamongo, upande wa Tanzania, na mtu wa Kehancha, upande wa Kenya, wasiojuana hata kidogo wanaweza kujua mara moja nani amwite mwenzake baba na nani mwana, na heshima gani inadaiwa. Juu ya kizazi kuna esaro, rika la waliotahiriwa msimu mmoja, na mwisho wa safari ya mtu mzima kuna esubo, sherehe inayomwingiza katika uzee wa heshima. Katika jamii iliyopangwa hivi, ambako kila mtu anajua nafasi ya kila mtu, inchama ndiyo nafasi pekee ambayo haikutangazwa.

Shughuli yake kubwa ilikuwa kinga. Nchi ya ukoo ilionekana kama boma: ina mipaka, ina milango, na yanayodhuru huingia kwa milango hiyo, yawe magonjwa ya watu, tauni ya ng'ombe, nzige au jeshi la jirani. Wazee walisikiliza waaguzi na waota ndoto, wakapima dalili, kisha wakaamua dawa gani itumike na ifukiwe wapi mpakani. Kazi hiyo ilifanywa bila hadhira. Watu wa kawaida waliona matokeo tu: pengine agizo la kutolima siku fulani, pengine katazo la kuvuka mto na mifugo.

Jambo ambalo kila mtu aliliona ni msimu wa tohara. Inchama ndiyo iliyoufungua, na hadi leo hakuna anayedai kwa sauti kwamba unaweza kufunguliwa na mwingine. Katika Tarime msimu huja kwa kawaida katika miaka inayogawanyika kwa mbili, mwishoni mwa mwaka, baada ya mavuno na shule zikiwa zimefungwa. Kabla ya kutamka, wazee huchungulia hali ya nchi. Njaa, maradhi, vifo vya ghafla au mapigano kati ya koo ni sababu ya kuahirisha, na hutokea ikiaro kimoja kikatahiri huku jirani yake akisubiri. Wa kwanza kukatwa hutoka katika nyumba zilizochaguliwa na wazee, na damu ya hao hutazamwa kama kipimo: wakipona salama, njia imefunguka kwa wengine.

Baada ya hapo siri huisha na barabara hujaa. Aliyetahiriwa hurudi nyumbani kwa miguu, hatua fupi sana, amefunikwa shuka au kitenge, uso mkavu kwa sababu kulia ni aibu ya ukoo mzima. Ndugu humzunguka na marungu, mapanga na filimbi. Wajomba na shangazi huvaa mavazi ya kuchekesha, huimba, huruka, huzuia magari mpaka dereva atoe chochote. Noti hubandikwa kwenye nguo za kijana. Asiyejua mila angeona vurugu tupu. Kelele zote hizo, hata hivyo, zimeanzia kwenye neno la wazee wachache walioketi mahali pasipotajwa.

Sababu ya wazee kujificha ni adui waliyepambana naye. Wakurya, kama majirani zao wengi wa ukanda wa ziwa, waliamini kwamba madhara makubwa hayatoki mbali. Mrogi huishi kijijini, husalimia, hukopesha jembe, huja msibani na kulia kuliko wafiwa. Mwili wake ni wa mtu. Kilicho ndani yake ni kingine. Kinga ingekuwa na faida gani kama mrogi angejua nani anaiweka, lini, na kwenye jiwe gani? Hivyo mlinzi naye alijificha, mahali palepale alipojificha mwenye kudhuru. Hapo ndipo ulipo utata ambao wenyeji waliuona vizuri kuliko watafiti: uwezo wa kulaani na uwezo wa kuroga vinakaribiana sana, na mzee anayeogopwa kwa moja anaweza kushukiwa kwa lingine.

Imani kwamba kati ya watu wamo wasio watu si ya Mara peke yake. Singida, katika nusu ya pili ya miaka ya 1940, mauaji mengi yaliwafanya Wanyaturu na maofisa wa Kiingereza wahangaike na habari za watu simba, ambao iliaminika wanatumwa kuua wakiwa katika umbo la mnyama. Mwaka 1955 Mmarekani Jack Finney alitoa riwaya ya kubuni ya kisayansi, The Body Snatchers, kuhusu viumbe wa anga za mbali wanaochukua sura za wakazi wa mji mdogo wa California: daktari, mwalimu, mjomba, wote wanabaki walivyo isipokuwa si wao tena. Wakati riwaya hiyo na filamu yake ya 1956 zikiwasisimua Wamarekani, mwanaanthropolojia Malcolm Ruel wa Uingereza alikuwa akiishi kwa Wakurya na kuandika mambo yanayokaribiana nayo. Lakini tofauti ni kubwa. Kwa Finney aliyejificha ni mvamizi kutoka nje, na suluhisho ni kumfukuza. Kwa Wakurya wote wawili, mrogi na mzee wa inchama, ni wazaliwa wa hapohapo, na hakuna pa kuwafukuzia. Kilichobaki ni kuishi nao kwa kanuni, na inchama ni sehemu ya kanuni hizo.

Kusini zaidi, katika wilaya ya Serengeti, wasioonekana walikuwa wa namna nyingine. Wangoreme, Wanata, Waikoma na Waishenyi waliheshimu emisambwa, roho zenye makao katika chemchemi, vilima na vichaka maalumu. Makao hayo yalikuwa na watunzaji kutoka nyumba fulani, waliojua njia ya kufika na maneno ya kusema. Mvua, uzazi na uwindaji vilitegemea maelewano na wenyeji hao wa kale. Kukata mti kwenye makao yao ilikuwa sawa na kuvunja nyumba ya mtu. Kitu kinachojulikana zaidi ni Machaba ya Waikoma, jozi ya pembe za ndovu ambazo simulizi husema zilitoka kwa mganga mtabiri wa Kitatoga. Yaani hirizi kuu ya kabila la wakulima na wawindaji imetoka kwa wafugaji wageni, na Waikoma hawaoni haya kulisema hilo.

Simulizi za eneo hilo zimejaa wageni waliogeuka wenyeji. Wanata husimulia chanzo chao kwa Nyamunywa, mwindaji, na Nyasigonko, mwanamke mkulima, wawili wa maisha tofauti waliokutana wakafanya nyumba moja. Nyuma yao wapo Waasi, wawindaji wa porini waliokuwapo kabla ya mashamba, ambao walimezwa polepole na koo za wakulima. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya simulizi hizi kwa miaka mingi na kuziandika katika kitabu Imagining Serengeti cha mwaka 2007, anaonyesha kwamba majina ya makabila ya leo yalipata umbo hasa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Hayo yalikuwa majira mabaya. Wamasai walivamia, ukame ukafuata, kisha ndui, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikafyeka ng'ombe na wanyama pori. Watu walikimbilia Usukuma na kwingineko kutafuta chakula, wengine wakaja kutoka kwingine. Mgeni aliyepokelewa alipewa ukoo na rika, na baada ya kizazi kimoja au viwili asili yake haikuzungumzwa tena mbele za watu. Ukiuliza leo, utaambiwa wote ni wa nyumba moja, ingawa wazee wanaojua kila nyumba ilitokea wapi bado wapo.

Dola za kigeni zilipofika, zilileta macho yasiyozoea kutafuta vitu vya namna hii. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 ulichora mstari kutoka Mto Umba pwani hadi Ziwa Viktoria, na mstari huo ukapasua Bukurya, nchi ya Wakurya: Wakira, Wanyabasi na Wairege wakajikuta wana serikali mbili. Inchama ya ukoo haikupasuka kirahisi hivyo, kwa sababu haikuwa na ofisi ya kuwekwa upande mmoja. Wajerumani walijenga kituo Shirati, kando ya ziwa, na ngome Ikoma, wakadai kodi na wapagazi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliichukua nchi, na Tarime ikawa makao ya wilaya ya North Mara.

Waingereza walitaka kutawala kupitia wakuu wa jadi, na sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji iliufanya utaratibu huo kuwa rasmi. Bukurya hapakuwa na mkuu wa kutawala kupitia kwake. Machifu wakawekwa, mmoja kwa kila ikiaro au eneo, wakapewa mahakama, makarani na mishahara. Mtu aliyejulikana kwa jina, mwenye daftari la kodi mkononi, akasimama mahali ambapo kwa mila mamlaka haikuwa na uso. Ofisa E. C. Baker aliandika juu ya Wakurya wa North Mara mwaka 1935, na Hans Cory akachapisha uchunguzi wake wa umiliki wa ardhi Bukurya mwaka 1947. Kazi zao zina manufaa hadi leo, lakini zilifanywa kwa ajili ya utawala uliohitaji watu wa kuitwa ofisini. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ilikuwa na shida hiyohiyo kwa namna yake. Ilimhesabu mwenye kuroga na anayemtaja mwenzake mchawi kuwa wakosaji wote wawili, na mzee wa kinga alikuwa salama zaidi akikaa kimya. Utawala wa kikoloni, bila kukusudia, uliipa inchama sababu mpya ya kuendelea kujificha.

Katika miaka hiyohiyo wizi wa ng'ombe ulibadilika. Zamani vijana walivamia ili kupata mahari na sifa, na mifugo iliyoibwa ilibaki katika mzunguko wa zizi na harusi. Soko la nyama la Kenya, pamoja na mpaka ambao polisi wa nchi moja hawawezi kuuvuka, vikamfanya ng'ombe aliyeibwa usiku kuwa fedha taslimu asubuhi. Mtafiti Michael Fleisher, aliyechunguza suala hili Tarime katika miaka ya 1990, anaeleza pia mchango wa bunduki zilizoingia baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mwizi wa namna hii mpya aliwaibia hata watu wa ikiaro chake. Adui wa ndani, yule ambaye wazee walimtafuta katika umbo la mrogi, alikuwa amepata kazi nyingine.

Serikali ya Tanganyika huru ilifuta machifu mwaka 1963. Katika miaka ya 1970 kaya zilikusanywa katika vijiji vya ujamaa, zikapata mwenyekiti, katibu na mabalozi wa nyumba kumi. Kwa upande wa inchama, hayo yote yalipita juu juu: hakukuwa na cheo cha kufutwa. Wilaya ya Serengeti iliumia zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mipaka yake ikachorwa upya mwaka 1959, Ngorongoro ilipotengwa. Wenyeji wa magharibi wakasukumwa nje, na sehemu ya makao ya emisambwa ikabaki upande wa askari wa wanyamapori. Mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, yaliyotangazwa mwaka 1994, yakabana zaidi. Mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuwa wamewahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, katika ndege iliyopakwa milia ya pundamilia, na kitabu chao cha mwaka 1959 kiliieleza nchi hiyo kwa ulimwengu kama pori lisilo na watu. Kutoka juu, chemchemi ya emisambwa ni chemchemi tu.

Sungusungu ndiyo iliyowarudisha wazee kwenye shughuli za usalama. Harakati hiyo ya ulinzi wa jadi ilianza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ikaitambua kisheria mwaka 1989, na ilipofika Tarime ilijengwa juu ya ritongo. Mtuhumiwa wa wizi aliitwa mbele ya mkutano, akahojiwa, akatakiwa kurejesha mifugo au kula kiapo. Kiapo kilitegemea nguvu ya laana, na laana ilitegemea wazee. Upande wa Kenya, Wakurya walifanya vivyo hivyo kuanzia mwaka 1998. Wananchi wengi waliona mikutano hiyo inafanya kazi haraka kuliko polisi na mahakama, ingawa viboko na uonevu vilikuwamo, na aliyechukiwa kijijini hakuwa na pa kukata rufaa.

Kutoka hapo inchama ilianza kuonekana. Viongozi wa wilaya walihitaji watu wa kuzungumza nao kuhusu mapigano ya koo, kwa mfano kati ya Wanchari na Warenchoka, na kuhusu wizi wa mifugo. Likazoeleka jina la wazee wa mila. Wazee wa mila wana mwenyekiti na katibu, hualikwa kwenye vikao vya mkuu wa wilaya, hupigwa picha na waandishi wa habari. Wapo wanaosema kwamba hao ni inchama iliyotoka nje, na wapo wanaosema kwamba hao ni wasemaji tu, waliotangulizwa mbele. Kwa namna baraza hili lilivyoishi zama zote, jibu la pili lina uzito.

Kilichowatoa hadharani kuliko yote ni ukeketaji. Tohara ya Wakurya ilikuwa ya wavulana na wasichana, na neno la inchama lilifungua msimu wa wote. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai, na swali likawa rahisi: nani anaruhusu? Wakati huo malipo yalikuwa yamekwisha kuwa ya fedha taslimu, ngariba akichukua sehemu na wazee wakipata fungu lao kwa kila kichwa, na jambo lililokuwa siri ya kinga likawa na hesabu ya shilingi. Baadhi ya wazee wametangaza mbele ya serikali kwamba hawatatoa tena idhini kwa wasichana. Misimu iliyofuata matamko hayo imeendelea kuwa na wasichana waliokeketwa, mara nyingine usiku, mara nyingine wakiwa wadogo zaidi ili wasionekane.

Wasichana nao wamejifunza kujificha. Kambi ya Masanga wilayani Tarime ilianza kuwapokea mwaka 2008, na Nyumba Salama ya Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, ilifunguliwa mwaka 2014. Kila mwaka wa msimu, kuanzia Novemba, mamia huondoka nyumbani kabla ya alfajiri, wengine kwa miguu hadi kituo cha polisi chenye dawati la jinsia, wengine wakisindikizwa na walimu. Hukaa kambini, husoma, hufundishwa ushonaji na stadi nyingine, na msimu ukifungwa wafanyakazi wa kambi huketi na wazazi ili kila mmoja apokelewe kwa ahadi iliyoandikwa na kutiwa saini. Kenya ilipitisha sheria yake kali dhidi ya ukeketaji mwaka 2011, na tangu hapo familia za Wairege na Wanyabasi huwavusha binti zao kwenda upande ambao msimu umefunguliwa, kupitia mashamba ya mahindi kati ya vijiji, mbali na kituo cha forodha cha Sirari.